Mashine Inayokula Kila Kitu

Jumatatu, 3 Novemba
Nimechoka. Sisimizi wamerudi jikoni. Wanatoka kwenye ndoo ya mabaki hadi kabati la sukari, mstari ulionyooka kuliko gwaride lolote nililopata kuliona Aleppo. Shoghik, binti yangu, amepiga simu kutoka Fresno. Anasema msimamizi wa jengo letu akilalamika tena juu ya jiko langu, nitahamia kwake Fresno. Chumba kiko tayari. Nakijua: dirisha lake linatazama gereji. Nimehama miji ya kutosha kwa sababu za vita. Sihami Glendale kwa sababu ya maganda ya biringanya.

Vartkes wa ghorofa ya chini anasema dawa ni kushusha ndoo kila jioni kwenye pipa la kijani. Mboji, mboji, mboji. Hana neno jingine, isipokuwa tukicheza tavla, mchezo wetu wa dadu na kete. Hapo husema uongo.

Jumatano, 5 Novemba
Mpango! Mashine ya kusaga mabaki, inafungwa chini ya sinki. Unatia maganda, unafungulia maji, unabonyeza swichi. Kwisha. Hakuna ndoo, harufu wala ngazi. Fundi bomba ameifunga leo. Kaniusia: mafuta hapana, nyuzi hapana, vyakula vinavyovimba hapana, na maji yawe mengi. Niliitikia kwa kichwa. Mafundi bomba wanapenda kutisha watu.

Vartkes alipanda kukagua. Eti inakula maji, inakula umeme, na chakula kikishapita bombani hakiurudii udongo. Nikamwambia huo ni wivu.

"Wivu wa nini, Nazaret? Mimi nina nyanya. Wewe una ngurumo."

Ijumaa, 7 Novemba
Sisimizi wameondoka. Maganda ya vitunguu, matango, makapi ya kahawa, yote yamekwenda. Nimemweleza Shoghik. Alikohoa, kikohozi cha heshima nadhani.

Limebaki jambo moja: mkate. Kwetu Waarmenia wa Aleppo mkate hautupwi. Ukianguka, unaokotwa, unabusiwa, unawekwa mahali pa juu. Uliokauka, mama aliutundika nje katika mfuko wake, mbali na taka, hadi apite mwenye mbuzi. Hapa hapiti mwenye mbuzi. Niliwapa njiwa, ndiyo yaliyokuwa malalamiko ya kwanza ya msimamizi, Bi Maribel. Sasa mfuko umejaa hadi shingoni. Hata Vartkes, pamoja na mboji yake yote, hathubutu kuutia mkate kwenye pipa moja na mifupa ya kuku ya majirani.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimewaza usiku kucha. Kutupa ni kutia kwenye taka. Lakini kuulowesha kwa maji safi, kuusaga, ukarudi kuwa unga kama ulivyozaliwa? Huko si kutupa. Huko ni kuusindikiza.

Nilibusu kipande cha kwanza. Nikabusu cha pili. Kisha nikabusu mfuko mzima, maana mgongo uliuma. Maji nilifungulia kidogo tu, Vartkes asije akapata la kusema.

Mashine ilinguruma, ikaguna, ikanyamaza. Sinki likajaa uji. Halafu kelele huko chini. Vartkes alikuwa akiosha majani ya mzabibu kwa mlo wa kesho, na uji wangu ukapanda ndani ya sinki lake, mweupe, polepole, bila haya. Akaja mlangoni, uji hadi viwikoni.

"Nazaret," akasema, "umenipikia?"

Maji yalifika koridoni. Bi Maribel alimpigia simu binti yangu nikiwa nimesimama hapo hapo.

Jumapili, 9 Novemba
Shoghik amefika asubuhi na maboksi matupu. Nilikaa kitini nikamtazama akiteremsha vitabu vyangu, akipangusa kila kimoja kwa ncha ya shati, kama alivyofanya marehemu mama yake.

Bi Maribel alikuwapo. Vartkes akapanda bila kuitwa. Akasema kosa ni lake: majani ya mzabibu yana nyuzi, na ni yeye aliyeyapitisha bombani.

"Wewe, Ami Vartkes? Majani bombani?"

"Uzee, mwanangu. Mwache baba yako. Ama unataka nije Fresno kila jioni kumfunga tavla?"

Bi Maribel akasema sawa, ila ndoo zishuke kila jioni, za wazee wote wawili. Shoghik akavirudisha vitabu, bila mpangilio wowote.

Jumatatu, 10 Novemba
Fundi amezibua bomba. Nikamweleza kwamba chanzo kimeshajulikana: majani ya jirani. Amekiri mwenyewe, mbele ya mashahidi. Fundi aliinua donge la mkate kubwa kama tikiti, akanitazama. Nikamwambia nyuzi ni hatari sana.

Jioni nilimwonya Vartkes, kwa upole, asirudie. Alifumba macho, akatupa dadu.

Fundi nimemuuliza kama ipo mashine yenye nguvu zaidi. Ipo. Inasaga hata mifupa. Mkate haitauhisi.