Mjukuu wa Kisiwa cha Mawe

Byron Maranga hakuwahi kununua gazeti maishani mwake, lakini aliyasoma yote, kwa sababu wauza samaki wa Homa Bay humfungia mteja samaki wake kwa gazeti. Asubuhi moja ya mwaka wa tisini na saba, akiwa amebakiza kichwa cha ngege na vidole vyenye mafuta, jicho lake lilitua kwenye kichwa cha habari kilicholowa: MITAJI YA WAGENI YAMIMINIKA VISIWA VIDOGO.

Akaacha kutafuna. Aliyemjua Byron angejua kwamba hapo mtu fulani, mahali fulani, ameanza kupoteza mali yake bila habari.

Mtaalamu mmoja aliandika kwamba duniani kuna visiwa ambavyo unaweza kuvizunguka kwa miguu kabla uji haujapoa, na bado matajiri kutoka nje wanapigana vikumbo kuingiza mali huko. Kisiwa kinatoa ardhi na kumsamehe mgeni kodi. Mgeni analeta mtaji. Na katikati yao (hapa Byron alifuta mafuta kwa kidole ili asome vizuri) kuna wakala, anayepokea chake kutoka pande zote mbili.

"Wakala," Byron akasema kwa sauti, akalionja hilo neno na kuliona tamu kuliko samaki.

Alikuwa amewahi kuwa daktari wa kuku kule Rongo, mkaguzi wa mizani Migori na, kwa Jumapili moja tu, mhubiri mgeni Karungu. Suti yake ilikuwa moja, ya rangi ya majivu. Mkoba wake wa ngozi ulikuwa na mswaki, chanuo na tofali lililofungwa kwa taulo, ili mkoba uwe na uzito wa mtu mwenye shughuli. Kisiwa hakuwa nacho, lakini hilo halikumsumbua, maana ziwa lilikuwa navyo tele. Kilichokosekana ni mgeni.

Mgeni alimpata Migori, kwenye hoteli ya chai karibu na soko. Alikuwa mzee wa Kikuria kutoka Ntimaru, Maroa kwa jina, amevaa koti zito kwenye jua kali, macho mekundu, kikombe mbele yake hakijaguswa.

"Mzee wangu, hiyo chai imekukosea nini?" Byron akauliza, akikaa bila kukaribishwa.

"Kijana, mimi silali," Maroa akajibu. "Wezi wamechukua nusu ya ng'ombe zangu, wakavuka nazo mpaka. Nimebaki na majike kumi na mawili na madume manne. Mbwa akibweka, mimi niko nje na mkuki. Mbwa asipobweka, ndiyo mbaya zaidi."

Hapa niseme wazi, nilimwonea huruma mzee huyu. Byron naye alimwonea huruma, kwa namna mchinjaji anavyomwonea huruma mbuzi aliyenona.

"Mwizi wa ng'ombe, mzee, anaweza kuvuka mlima?"

"Anavuka."

"Na mpaka?"

"Huo ndio anaupenda."

"Na ziwa? Usiku, na ng'ombe kumi wanaolia?"

Maroa akainua kikombe, akanywa chai yote kwa mkupuo mmoja.

"Mimi nina kisiwa," Byron akasema polepole, kama mtu anayekiri kwamba ana pesa. "Kiko mbele ya Karungu. Chulakidi, kisiwa cha mawe, lakini katikati ni nyasi tupu. Ni cha babu yangu. Kaburi lake liko pale pale."

Kaburi hakuombwa. Alilitia mwenyewe, kama mpishi anayeongeza chumvi kwenye mchuzi uliokwisha kolea. Waongo wengi hawaangushwi na uongo mkubwa, huangushwa na ule wa ziada.

"Sasa sikiliza. Wewe kwa watu wa kisiwa ni nani? Ni mgeni. Ng'ombe ni nini? Ni mtaji. Mgeni akileta mtaji wake moja kwa moja, hiyo ndiyo inaandikwa kwa gazeti." Akafungua kile kipande chenye harufu ya samaki. "Wewe si mfugaji tena, Mzee Maroa. Wewe ni investa."

"Bei?"

"Madume manne. Na ni kwa sababu ni wewe."

Hesabu ya Byron ilikuwa fupi. Madume yangepakiwa kwenye lori palepale Migori, na kabla ya mchana yangekuwa Homa Bay kwa mwenye bucha asiyeuliza maswali. Mzee angebaki akitafuta kisiwa chake kwa macho kutoka pwani ya Karungu.

"Nitatoa," Maroa akasema. "Lakini si hapa. Dume langu silitoi barabarani kama karanga. Nitakukabidhi kule kule, mbele ya kaburi la babu yako. Yeye awe shahidi."

Byron akajaribu kusema babu alikuwa mtu wa haya, hakupenda mambo ya hadharani. Maroa akasema basi, yeye atalipa chai yake aende zake. Byron akafikiri: kisiwa cha mawe, jiwe moja halitakosa kufanana na kaburi. Madume yangerudi na boti ileile. Akakubali.

Huko Karungu walimpata mwendesha boti mmoja tu aliyekubali kuvusha ng'ombe, jina lake Stanley. Alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi, amevaa koti la suti lililopauka mabega, na mfuniko wa injini yake ulikuwa umefungwa kwa tai nyekundu. Aliutazama mkoba wa Byron kwa muda mrefu, akaupokea kwa mikono miwili.

"Karibu nyumbani," akamwambia.

Byron alidhani ni heshima tu za watu wa ziwa.

Mkono wa maji pale ni mwembamba. Madume yalifungwa pembe kwenye ubavu wa boti, yakaogelea yakipuliza maji puani, na Maroa akiyaimbia yasiogope. Majike kumi na mawili yalibaki ufukweni na wana wa Maroa, vijana wanne wenye mabega mapana, wakingoja habari njema.

Kisiwani hapakuwa na watu wengi. Wazungu walikuwa wamekataa samaki wetu mwaka huo, nyavu zilikuwa zimeanikwa tu, na watu walikaa vivulini wakiitazama boti inavyokuja. Mbele yao alisimama Mama Rael, mwanamke mzee mnene mwenye leso mbili, ambaye boti ya Stanley ilikuwa yake na, kwa kweli, karibu kila kitu kingine.

Byron hakupoteza wakati. Aliruka majini na viatu vyake, akapita katikati ya watu, akachagua jiwe refu lililolala chini ya mti wa mwiba, akapiga magoti.

"Babu!" akalia. "Nimerudi!"

Alilia vizuri. Machozi yalikuja yenyewe, kwa sababu viatu vilikuwa vipya.

Maroa akavua kofia. Akaleta madume manne mbele ya jiwe, akaweka kamba zote mkononi mwa Byron. "Mzee uliyelala hapa," akasema kwa sauti nzito, "mimi Maroa wa Ntimaru nimemkabidhi mjukuu wako madume haya. Sina neno nayo tena."

Ndipo Mama Rael alipopiga kigelegele kilichowarusha ndege wote wa kisiwa.

"Yawa! Nyakwara! Mjukuu wetu amerudi!" Akamkumbatia Byron hadi tai ikamkaba. "Kwaru, babu yako, amelala hapa miaka yote, hata kuku hajachinjiwa! Watu walikula ugali na mboga kwa matanga yake, aibu mpaka leo. Na sasa ona! Hii ng'ombe yote ni ya nani?"

"Ni zake!" Maroa akajibu kwa fahari. "Zote."

Byron alipiga hesabu. Akisema ni za Maroa, Maroa atazichukua. Akisema ni bei ya kisiwa, wenye kisiwa walikuwa wamemzunguka, na baadhi yao walikuwa na mapanga. Akisema babu si babu, basi yale machozi yalikuwa ya nini? Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, hakukuwa na mlango uliobaki.

"Dani, bibi yangu," akasema kwa sauti ndogo, "tunaweza kupanga. Labda mwezi ujao..."

"Mwezi ujao? Mzee amengoja hivi yote, halafu umngojeshe tena na nyama imesimama hapa?"

Visu vilikuwa vimeshanolewa. Hilo nalo lilipaswa kumshtua, ila mtu anayetazama ng'ombe zake zikiondoka hana nafasi ya kutazama visu.

Jua lilipoinama, kisiwa kizima kilinukia mafuta. Madume mawili yaliliwa na wafiwa, na mawili yakavushwa vipande vipande hadi Karungu kuuzwa, kwa ajili, Mama Rael alieleza, ya kumwekea babu sementi. Maroa alifuta midomo, akakohoa kwa heshima.

"Mama, matanga yamekuwa mazuri. Sasa kisiwa changu je? Mjukuu wenu ameniuzia."

Watu wakaacha kutafuna. Byron akatazama maji na kujutia kwamba hakuwahi kujifunza kuogelea.

"Mzee," Mama Rael akasema, "kisiwa hakiuzwi. Huyu mtoto amekaa town sana, amesahau. Lakini kwetu mgeni mwema anapewa mahali, anaitwa jadak. Analisha, anakaa, hakuna mtu anamfukuza. Kitu moja tu: lazima kuwe na mtu wa hapa wa kumjibia. Ng'ombe yako ikipotea, tutamuuliza nani?"

Macho yote yakamgeukia mjukuu.

Maroa akatazama nyasi. Akatazama maji, akatazama ufukwe wa mbali walikosimama wanawe na majike yake.

"Mimi sikutafuta karatasi," akasema. "Nilitafuta maji kati ya ng'ombe zangu na wezi. Maji ndiyo haya." Kisha akamshika Byron bega kwa mkono mzito. "Na wewe, bwana, utanijibia. Wanangu watakuwa pale Karungu. Siku nikipungukiwa ndama mmoja, na wewe umepanda boti, watakupokea."

Akajilaza palepale kando ya moto, kabla hata giza halijaingia, akalala. Alikoroma kama mtu aliyedai usingizi wake wa mwaka mzima na kulipwa wote. Nilifurahi kwa ajili yake, na sioni haya kusema.

Byron alibaki na Mama Rael na mfupa.

"Jiwe ulichagua ni nzuri," mama akasema, akinyonya uboho. "Kuna kivuli. Yule mjukuu wa kwanza, wa Rongo, alichagua ile ya pale kwa upepo. Yule wa Kisumu, maskini, alilia mahali kuku zangu zinalala."

Byron akaacha mfupa uanguke. "Dani... kumbe unajua?"

"Nyakwara, sisi tulihamia hapa mwaka wa themanini na mbili. Watu wetu tunawazika Karungu, huku ni mawe tupu, utachimba wapi? Hakuna mtu hata mmoja amezikwa hii kisiwa."

"Na yule wa Rongo? Alienda wapi?"

Mama Rael akaonyesha kwa mfupa. Kule majini Stanley alikuwa akifunga injini kwa tai yake nyekundu. Akainamisha kichwa kwa adabu.

"Yeye alileta mbuzi," mama akasema. "Halafu wa Kisumu, ng'ombe moja. Sasa wewe, nne. Tunaendelea vizuri." Akaokota kile kipande cha gazeti kilichomwanguka Byron, akakigeuza. "Nisomee hii. Inasema nini?"

Byron akamsomea yote kuhusu visiwa vidogo, wageni na mitaji. Alipofika kwenye kusamehe kodi, mama akamkatiza.

"Hao watu wa visiwa wanawasamehe wageni?" Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Wajinga."

Mvua za vuli zilipokuja, majike ya Maroa yalikuwa yameshazaa. Hakuna hata ng'ombe mmoja aliyepotea. Byron aliyachunga kwa suti yake ya majivu, suruali imekunjwa magotini, na akayajua yote kwa majina. Tofali lake lilikuwa jiko.

Asubuhi moja alisikia injini, akasimama juu ya mwamba. Stanley alikuwa anakuja, na mbele ya boti alikaa mtu mwenye miwani ya jua na kitabu kikubwa chini ya kwapa, akivitazama vichaka kwa macho ya mtu anayetafuta kaburi la jamaa yake. Nyuma ya boti kulikuwa na pembe, nyingi, zikielea.

Byron alikunjua suruali, akafunga tai, akateremka hadi majini. Kitabu kile kizito alikipokea kwa mikono miwili.

"Karibu nyumbani, ndugu," akasema. "Umekuja na ngapi?"