Nilivyomzika Mwenyekiti Akiwa Amesimama

Leo nimeaibika mbele ya umati. Naandika mapema hapa kwenye kikundi chetu kwa sababu dereva wa maziwa ana simu na ana mdomo, na habari itafika kwetu Kangeta kabla yangu.

Mnajua nilipata kazi Manyatta, karibu na Embu mjini, kwenye kituo cha wakulima cha kupokea maziwa. Leo Ijumaa ni siku ya tano. Kazi yangu ni kupokea mitungi, kumimina maziwa kwenye tangi la kupoza, kuosha mitungi na kunyamaza. (Hiyo ya mwisho niliiongeza mwenyewe.) Niliambiwa nitajaribiwa wiki moja, halafu mwenyekiti aseme kama nabaki au narudi nyumbani.

Nilitaka kubaki, na si kwa ajili ya mshahara peke yake. Ninyi ni watu wazuri, lakini tangu tumzike Mama Kendi miezi mitatu iliyopita, siwezi kununua hata chumvi hapo kwetu bila kushikwa bega na kupewa pole. Manyatta hakuna aliyejua. Huko nilikuwa mtu wa mitungi tu. Waliniita Mmeru, basi.

Siku nne za kwanza zilikwenda vizuri. Msimamizi wetu ni Mama Wanja. Ndiye anayekagua kama maziwa yametiwa maji. Ana kipimo cha kioo kinachoelea, na ana pua. Wakulima huogopa pua zaidi. Dereva wa pikapu ya maziwa anaitwa Nyaga, na huyo hutania kila kitu chenye masikio. Siku ya kwanza aliniuliza kama ng'ombe wa kwetu nao hutafuna miraa. Nikamwambia ndiyo, ndiyo maana hawalali. Akacheka. Nikajua mtu mmoja amenikubali.

Leo sasa.

Mwenyekiti, Mzee Njeru, alikuwa amelazwa hospitalini wiki tatu, akapasuliwa tumbo. Leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi. Wakulima walioleta maziwa asubuhi hawakuondoka, walimngoja wamsalimie. Na pale kituoni, kikao hakianzi bila maombi, na anayeomba ni mgeni. Wanasema ndivyo watu wanavyoijua sauti yake.

Mama Wanja aliniambia hayo mikono yangu ikiwa ndani ya sabuni. Nikamwambia hakuna shida, kwa Kimeru naweza kuomba hadi saa sita. Akasema Kimeru chetu cha Igembe kitawapita wazee, niombe kwa Kiswahili, niombe kifupi, na nisisahau kumshukuru Mungu kwa ajili ya mwenyekiti.

Hapo ndipo ningesema ukweli, na sikusema. Kiswahili changu ni cha kuuza na kununua, na cha kujibu askari. Kuomba, naomba kwa Kimeru. Mahali pekee ninapokutana na sala ya Kiswahili ni kwenye mazishi, wageni wakitoka mbali na mchungaji akitaka wote wasikie. Mwaka huu niliisikia nyumbani, nikaisikia mochari, nikaisikia kaburini. (Ukiwekwa mstari wa mbele, hakuna neno linalokupita.) Sikujua kwamba nimeishika yote.

Mzee Njeru akafika na mkewe. Amekonda, koti limekuwa kubwa kuliko yeye. Walimpa kiti, lakini maombi yalipotajwa akasimama, akavua kofia, akainamisha kichwa hatua mbili kutoka nilipokuwa. Nikafunga macho.

Nikaanza vizuri. Nikamshukuru Mungu kwa siku hii. Nikamshukuru kwa maziwa na kwa nyasi. Kisha nikafika kwa mwenyekiti, na mdomo ukashika njia yake.

"Tunakushukuru kwa ajili ya Mzee Njeru, na kwa maisha yote aliyoishi katikati yetu."

Akina mama wakasema Amina. Hiyo Amina ndiyo iliyoniponza, ilinitia moyo.

"Sisi tulimpenda, lakini wewe umempenda zaidi."

Amina. (Nao walijibu kwa mazoea. Sikuwa peke yangu.)

"Mpumzishe mahali pema. Umfariji mjane wake na watoto aliowaacha."

Hapo hakuna aliyesema Amina. Nilisikia mashine ya kupoza maziwa ikinguruma. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini sala ile, baada ya mjane, ina udongo. Mwili wangu ulijua hivyo. Nikainama, macho bado nimeyafunga, nikapapasa chini nichote.

Chini palikuwa na sementi na povu la sabuni. Nikafungua macho nikiwa nimeshika povu.

Mke wa mwenyekiti alikuwa anamwangalia mumewe, kama mtu anayehakikisha. Nyaga alikuwa ameenda nyuma ya pikapu, na pikapu ilikuwa inatikisika. Mama Wanja alikuwa anaangalia tangi.

"Endelea, kijana," Mzee Njeru akasema. "Ulikuwa umefika kwenye udongo."

Nikasema Amina peke yangu. Kichwani nilikuwa tayari nafunga virago.

Akavaa kofia yake taratibu. Akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini, "Umezika nani?"

Ningeweza kudanganya. "Mke wangu, mzee. Huu ni mwezi wa tatu."

Akanitazama. "Ulikuwa umesimama karibu."

"Mbele kabisa, mzee."

Nikaingoja ile pole. Hakuitoa. Aligeukia wakulima akawaambia mgeni anabaki, kwa sababu mtu anayemzika mwenyekiti hivi akiwa mzima, mwenyekiti anamtaka karibu siku yenyewe. Watu wakacheka, mkewe pia, na kikao kikaendelea na mambo ya maziwa. Mimi nikarudi kwenye mitungi. Mama Wanja akaniletea kikombe cha chai, akakiweka pale, akaenda zake.

Jioni Nyaga alipunguza mwendo akipita karibu nami. "Mmeru, ng'ombe wangu ana homa kidogo. Tafadhali usimwombee."

Basi kazi ninayo. Jumatatu nimepangiwa kuombea chai, kwa hivyo mwenye sala ya Kiswahili ya chai, isiyo na kaburi ndani, anitumie.

Mama Kendi angecheka hadi akalie ndoo. Chekeni na ninyi, nimewaruhusu. Ila atakayeniandikia pole hapa chini, nitamwombea.