Kulungu wa Ncha Saba

Zilibaki siku nne kabla ya msimu wa kuwinda kulungu. Kila mwanamume wa Wisconsin kaskazini alishatoa koti la kuwindia la rangi ya machungwa sandukuni, na mkewe alishaacha kumuuliza chochote mpaka msimu uishe. Lakini habari iliyotikisa meza ya dirishani katika duka la mikate la Nygaard asubuhi ile haikuhusu bunduki. Ilihusu kadi ya zawadi, ile ya plastiki inayojazwa pesa za kutumia dukani.

Aliyeisoma ni Posta. Jina lake Gordon, ila alisambaza barua mjini hapa miaka thelathini na miwili, na hata baada ya kustaafu hawezi kuona barua ya mtu akaiacha. Jarida lenyewe, la wakusanyaji wa kadi, lilikuwa la Lenzi, aliyeketi mbele yake. Posta alilivuta mezani kama lake, akavaa miwani, akakohoa.

"Imepatikana kadi ya Kulungu wa Theluji mwenye ncha saba."

Lenzi akaweka donati yake chini bila kuing'ata.

Lenzi ni Verlyn Tesch, mchapaji mstaafu, na hizo kadi ndizo maisha yake. Watu wengine huinunua kadi ya Nygaard, wakampa shangazi Krismasi, shangazi akainywea kahawa, mambo yakaisha. Yeye hainywei. Anaiweka kwenye albamu ikiwa haijakwaruzwa, kila moja na mfuko wake. Anayo yenye tundu la mviringo la kuning'inizia na yenye tundu pana. Anayo ambayo namba ya simu nyuma ina kistari na ambayo haina, na habari za kistari hicho anaweza kukupa mpaka kahawa yako ipoe. Jumla mia mbili na kumi na moja. Mfuko mmoja tu ni mtupu, na kwa miaka saba wenzake wa meza hii wamemtania kwamba kadi ya kuujaza haipo duniani.

"Kaipata nani?" akauliza, ingawa moyo wake ulishamjibu.

"Yule mshindani wako, daktari wa meno wa Eau Claire."

"Si nilijua."

"Kwenye droo ya marehemu mama mkwe wake."

"Yule bwana ana zali," akasema Breki. "Hata akifiwa anaokota." Breki ni Darlene, aliyeendesha basi la shule nusu ya umri wake, na ambaye alikuwa radhi kulisimamisha katikati ya barabara ili amalize ubishi.

Posta akaendelea. Kulungu wa kadi zote, likasema jarida, ana ncha nane za pembe, nne kila upande. Ila boksi la kwanza kabisa lilitoka na hitilafu kwenye bamba la kuchapia, upande wa kushoto ukabaki na tatu. Hitilafu ikaonekana, bamba likabadilishwa, na boksi lile likauzwa hivyo hivyo. Zinazojulikana mpaka leo ni nne tu. Daktari angeionyesha ya kwake Jumamosi, kwenye maonyesho ya Green Bay.

"Jumamosi ya kufungua msimu?" Mzee Pembe, mwindaji wa meza hiyo, akashangaa. "Nani ataacha kulungu wa porini akatazame wa plastiki?"

"Mimi," Lenzi akasema. "Na nitasimama pale na mfuko wangu mtupu, yule bwana anitazame na meno yake yote."

Alisema kwa uchungu wa kweli, na kwa sekunde mbili hivi walimwonea huruma. Kisha Breki akashindwa kuvumilia.

"Kwa hiyo ncha moja ikikosekana, kadi inapanda chati?"

"Ndiyo."

"Mimi nimekosa jino hapa. Kamwambie daktari wako anipeleke Green Bay."

Posta alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Lenzi akawaeleza kwa mara ya elfu kwamba kitu kikitoka tofauti mashineni ndipo kinapokuwa na hadithi, na kwamba watu wasiotazama hawana haki ya kucheka. Mzee Pembe ndiye hakucheka. Huyu ni Arvid Skaar, ambaye sebuleni kwake kuna vichwa kumi na kimoja vya kulungu ukutani, na ambaye suala la pembe halichukulii kwa mzaha. Kadi anayo moja tu, binti yake Ingrid humjazia pesa kila mwezi. Ndiyo anayolipia kahawa, na asubuhi za baridi ndiyo anayokwangulia barafu kwenye kioo cha gari. Akianza kukwangua, Lenzi hugeuza uso.

"Mimi naona wamefanya uvivu," Mzee Pembe akasema. "Porini tatu kwa nne wapo, sikatai. Lakini wa Krismasi unamchoraje pogo? Wa kwangu alikuja hivyo hivyo. Ikabidi nimrekebishe."

Lenzi akamgeukia.

"Umesemaje?" Lenzi akauliza taratibu.

"Alipungua kushoto. Nikamwongezea kwa maka peni, ile ya kuandikia tarehe kwenye nyama za friza."

"Lini?"

"Krismasi ile Ingrid aliponipa. Mwaka wa saba huu."

"Miaka saba, Arvid. Umekaa nami meza hii hii miaka saba, na mdomo unao."

"Sasa utajuaje, nawe nikitoa kadi unafumba macho?"

Kadi ikawekwa mezani, ina mikwaruzo na siagi. Lenzi akatoa lenzi yake mfukoni, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa plastiki. Kulia, nne. Kushoto, tatu za kiwandani, na ya nne nene, nyeusi, imechorwa na mtu anayejua kulungu. Alikuwa na furaha ambayo hata siku ya kustaafu hakuipata.

"Chukua," akasema Mzee Pembe. "Ila nilipie kahawa ya leo kwanza."

Lenzi alimwambia atamlipia kahawa mpaka afe. Kisha akamwomba Breki sanitaiza iliyokuwa kwenye mkoba wake, akachukua tishu ili aifute ile ncha ya maka peni.

"Ngoja kwanza," Posta akasema. "Si wewe uliyetwambia kadi ikichakaa ganda la juu linaisha, rangi inabaki uchi?"

"Nimechapa miaka thelathini na mmoja, Gordon. Leo unanifundisha wino?"

"Ipeleke kama ilivyo, bwana," akasema Breki. "Imerekebishwa na mwindaji halisi, nayo ni hadithi."

Lakini Lenzi alishalowesha tishu. Akapangusa mara moja, kwa ncha ya kidole. Wino wa Mzee Pembe ukatoka wote, ukabaki kwenye tishu, na kushoto zikabaki tatu safi. Posta akahesabu kwa sauti. Saba. Breki akapiga meza, watu wa kwenye foleni wakageuka, na akilini Lenzi akamwona daktari wa meno akifunga mdomo taratibu pale Green Bay.

Kilibaki kivuli kidogo tu cha wino, alama ya kijivu isiyozidi chembe ya sukari.

"Acha hapo hapo," akasema Breki.

"Nakuomba," akasema Posta.

Lenzi akapangusa mara ya pili.

Akainua tishu. Akaweka lenzi. Akaiondoa, akaisugua kwenye shati, akaiweka tena. Posta akanyoosha kidole na kuhesabu upande wa kulia, akahesabu upande wa kushoto, akarudia kulia.

"Sita," akasema.

Posta akapekua jarida mbele na nyuma kwa heshima zote, akatikisa kichwa. "Ya ncha sita haijaandikwa popote. Hata daktari hana."

Lenzi alifunika uso kwa viganja, na mabega yake yakaonyesha kwamba hakuwa anacheka. Mzee Pembe alimtazama kitambo, akamhurumia kwa dhati. Akaingiza mkono ndani ya koti lake la machungwa, akatoa maka peni, akang'oa kifuniko kwa meno, akaivuta kadi upande wake.

"Basi, mzee mwenzangu, usilie," akasema. "Sema tu unataka ngapi."