Pai ya Tarakimu Saba

Jumatatu, 3 Machi

Miaka tisa nakokotoa sini na kosini, zile hesabu za pembe, na bado meza yangu iko karibu na mlango wa choo. Leo mkuu wa idara ametangaza kwamba kiti cha msimamizi wa kitengo kiko wazi. Atakikalia yule atakayeifanya maktaba yetu iende kasi zaidi. Maktaba yetu si ya vitabu, ni ya kanuni za hesabu. Mashine ya mteja ikitaka sini ya pembe fulani, inatuuliza sisi.

Mpinzani ni mmoja tu: Bi Desimali. Jina nimempa mimi, kwa sababu hawezi kusema dakika tano bila kuongeza na sekunde. Ana miaka mitatu tu hapa, na amewekwa dirishani. Dirishani!

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Pembe ikiwa kubwa, kanuni yetu kwanza huiondolea mizunguko mizima, ibaki pembe ndogo, ndipo itafute sini. Kazi hiyo ya kuondoa hutumia pai yenye msururu wa tarakimu kama siafu. Za nini zote hizo? Nimezikata. Zimebaki saba: 3.141593. Kasi imepanda mara tatu! Nimejaribu pembe kuanzia sifuri hadi mia kwa radiani, kipimo chetu cha pembe, mzunguko mzima ni sita na ushei. Kosa lipo, lakini ni dogo kuliko chembe ya vumbi.

Jioni nikamwonyesha baba mkwe. Anaishi nasi, mwalimu mstaafu wa hesabu. Nilitaka sifa, basi. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akauliza, "Na pembe ikifika milioni, mwanangu?" Eti kila mzunguko utabakiza uchafu kidogo, na uchafu utarundikana. Nikamwambia hakuna mtu duniani mwenye pembe ya milioni. Akasema haya, akarudi kwenye chai yake. Mzee huyu hajanikubali tangu siku niliyoleta posa.

Ijumaa, 7 Machi

Kanuni mpya haitoki bila jina la mkaguzi. Mkaguzi ni nani? Bi Desimali, nani mwingine. Na hayupo, tangu Jumatano yuko hospitali na mama yake. Nimngoje mpaka lini? Mkuu anataka kitu leo. Saa nne asubuhi nikaandika mwenyewe: imekaguliwa na kupitishwa. Nikatia jina lake kamili. Si uongo. Angekuwepo angekagua, na angekagua angepitisha. Pengine.

Saa tano kanuni ilikuwa tayari kwenye mashine za mteja, kiwanda cha mabeseni. Meza ya chuma ya duara inazunguka mara moja kila sekunde, mabeseni yamepangwa ukingoni. Mkono wa mashine unatumia sini na kosini kujua beseni limefika wapi, kisha unalipiga mstari wa samawati. Mistari ikatoka safi! Mkuu akanipiga begani mbele ya watu, akaniita bwana mkubwa. Nimeshaanza kufikiria mapazia ya pale dirishani.

Jumanne, 11 Machi

Balaa. Kiwanda kile hakizimi meza! Siku nne inazunguka tu, usiku na mchana, na mashine haihesabu upya, inajumlisha pembe juu ya pembe. Zimepita radiani milioni mbili. Vumbi langu la Ijumaa leo limefika shibiri nzima. Mkono ukayaacha mabeseni, ukapaka meza, kisha ukampaka msimamizi wa kiwanda aliyeinama kutazama kulikoni. Kuanzia sikioni hadi kwenye tai. Akaja ofisini hivyo hivyo bila kunawa, ili tumwone vizuri.

Mkuu akafungua jalada la kanuni kwenye kompyuta, akakuta jina la mkaguzi. Bi Desimali ndio kwanza amerudi, macho mekundu, hata mkoba hajauweka chini. Mkuu akafoka, "Wewe ndiye uliyepitisha takataka hii?"

Bi Desimali akanigeukia. Akaniangalia muda mrefu. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo, nikaufungua. Nikasema kazi ya ukaguzi ni nzito, kila mtu huteleza.

Ameambiwa aandike barua ya kujieleza. Hakulia. Ameomba tu jalada alisome.

Nyumbani sikula. Si majuto. Ni tumbo.

Jumatano, 12 Machi

Barua yake ina mistari minne. Ijumaa saa nne asubuhi alikuwa hospitali, muuguzi ametia saini kuthibitisha. Na jina lake liliandikwa kutoka kompyuta ya karibu na choo. Kumbe jalada hurekodi mpaka kompyuta! Miaka tisa sikujua!

Nikaitwa. Nikasema ilikuwa haraka, mteja alikuwa anasubiri. Mkuu akaniuliza kama najua kwamba saa ileile mama wa mwenzangu alikuwa juu ya meza ya upasuaji. Sikujua. Sikuwa nimeuliza.

Bi Desimali alikuwa amekaa palepale. Hakunitukana, ningependa anitukane. Alisema, "Kaka, ungenipigia simu tu. Ningeikagua palepale kwenye benchi. Ni kazi ya dakika kumi na tano."

Hakuongeza sekunde.

Ijumaa, 14 Machi

Msimamizi wa kitengo ni yeye. Pai imerudishiwa tarakimu zake zote. Mimi nimeachishwa kazi. Mke wangu anafunga milango kwa nguvu. Baba mkwe ameniuliza taratibu nimejifunza nini. Nikamjibu: kuchagua wateja. Meza inayozunguka kila sekunde, kanuni gani itastahimili papara hiyo? Na upasuaji, kwani usingeweza kufanywa Alhamisi?

Ila mchana mambo yamenyooka. Nimekwenda kwa mafundi wa saa kubwa ya stesheni. Wanataka mtu wa kuendesha mishale kwa kompyuta. Nikawaambia kanuni ninayo, ina kasi mara tatu. Wamefurahi sana. Na mishale ya saa inatembea kwa upole, haina haraka na mtu. Wakishaiwasha, wanasema, haitazimwa tena maisha. Kazi ya raha kabisa!

Walipouliza nani ameikagua, nikawaandikia jina la baba mkwe.