Kijiji cha Kompyuta na Shikamoo ya Felista

Jumatatu, 5 Juni 2006

Leo nimefungua kijiji changu, hapa Utemini, kwenye duka la intaneti la mwanangu Amri. Ni mchezo wa kuandikiana kwenye kompyuta: kila mtu anajifanya mtu mwingine, hadithi inakwenda. Watu kumi na wanne! Wengine wako Manyoni huko. Mtemi ni mimi. Jirani yangu Felista nimempa utoto: mchunga mbuzi, miaka minane. Kanizidi miaka miwili, nami namwamkia kila asubuhi tangu tukiwa wasichana. Sasa atajua! Sheria ya kijiji: anayeingia aamkie wakubwa wote kwanza, mmoja mmoja. Amri kasema, Mama, watachoka. Nimemkumbusha nani alimzaa.

Jumanne, 6 Juni

Felista kaandika shikamoo. Nimeisoma mara tatu. Nimemwambia Amri aiprinti.

Jumatano, 7 Juni

Saa nne asubuhi nimeingiza simba kijijini. Simba mzuri, nimemtunga mwenyewe. Lakini Gasto wa Manyoni, ndiye mwindaji wetu, alikuwa bado anaamkia. Wakubwa tisa, na kila mmoja anauliza habari za nyumbani. Saa sita simba bado yuko mlangoni, anangoja. Mughwai, mganga, kauliza kama simba naye aamkie. Kiburi! Nimemtoa mganga nje.

Halafu nikafikiri. Simba ni mgeni. Nikaandika: simba akasema shikamoo.

Alhamisi, 8 Juni

Nimepiga hodi kijijini kwangu mwenyewe. Kimya. Amri kasema wote wamehamia malishoni, kwa Felista. Kafungua ukurasa wake! Huko ni mbuzi, fisi na kuiba asali tu, na hawaamkiani, eti wote ni watoto. Watoto gani? Gasto ana wajukuu! Wamefika ishirini na sita. Upuuzi mtupu.

Ijumaa, 9 Juni

Nimeingia malishoni kwa siri. Jina Kadogo, miaka sita. Nia yangu kuwarudisha watu wangu. Felista kanipa mbuzi watatu. Fisi akaja, nikamtandika fimbo, wakanishangilia. Saa nzima ikapita, sina habari. Ndipo akaingia mgeni, akaanza kusimulia tu. Hakuamkia! Nikamwandikia: wewe, umelelewa wapi, unapita mbele ya watu wazima kama ndama?

Gasto akaandika: Shikamoo, Bibi Zabibu. Mughwai naye. Wakafuatana wote, nami naitikia marahaba, marahaba, kidole kinauma. Raha! Akabaki Felista. Huyo hakuandika. Aligeuka pale pale dukani, kwenye kompyuta ya dirishani, akauliza kwa sauti, mbona tangu asubuhi sijamwamkia.

Intaneti nzima ilinitazama.

Nimesema shikamoo.

Jumamosi, 10 Juni

Felista kapita nyumbani. Kasema nirudi, mbuzi wangu wanalia. Nimekataa. Amri kauliza nimejifunza nini. Nijifunze nini? Kosa lilikuwa umri tu. Jumatatu nafungua kijiji kipya. Mtemi ana miaka mia tatu. Na simba ataanza kuamkia tangu porini, asije akatuchelewesha.