Sauti Isiyopoteza Kitu

Frankline Okello wa mtaa wa Nyalenda hakuwahi kuiba. Alikuwa tayari kuliapia hilo mbele ya mtu yeyote, na kwa kiasi fulani angekuwa anasema kweli. Mwizi huuendea mfuko wa mtu. Frankline tangu azaliwe hakuuendea mfuko wa mtu. Mifuko ndiyo iliyomjia, imefunguliwa tayari, mikononi mwa wenyewe, na wenyewe wakishukuru.

Jumanne hiyo alikuwa Milimani, mtaa wa wenye pesa, amepiga magoti nyuma ya spika ndefu kama kabati la nguo, akikaza waya uliolegea. Ilikuwa kazi ya dakika tatu, naye alikuwa ameipangia saa nzima. Mwenye spika, Mzee Oluoch, mstaafu wa forodha, aliketi kochini na kompyuta mapajani. Humo ndimo muziki wake wote ulimokaa: programu moja iliyozipanga nyimbo zake za zamani na kumletea nyingine kutoka kwenye mtandao, kwa malipo ya kila mwezi.

"Fundi," Mzee akasema, "wewe ni kijana wa siku hizi. Losilesi ni kitu gani?"

Frankline hakuinua kichwa. Mtu mzoefu hashtuki ndoano ikiguswa.

"Umeisikia wapi, Mzee?"

"Kwa shemeji yangu wa Nairobi. Jana amenipigia simu dakika arobaini, ananiambia muziki wake ni losilesi na wangu ni makapi. Makapi, Bwana! Mimi niliyenunua spika hizi wakati yeye anasikiliza redio ya betri!"

Ukweli wa jambo hilo Frankline aliujua vizuri. Nyimbo za mtandaoni hubanwa ili zipite haraka, na katika kubanwa hupunguzwa hapa na pale. Kampuni nyingine hukuletea wimbo wote bila kupunguza chochote, ndiyo hiyo losilesi, na kampuni ya Mzee ilikuwa mojawapo. Mzee alikuwa akiilipia huduma hiyo mwaka wa pili sasa bila kujua. Kilichobaki ni kuingia kwenye mipangilio ya programu na kuweka alama kwenye kisanduku kimoja. Sekunde nne. Lakini ukweli wa sekunde nne haulipi kodi ya nyumba.

Akainuka, akajipangusa magoti, akaketi bila kukaribishwa kama daktari mwenye habari nzito.

"Mzee, muziki unaopata wewe ni samaki aliyekatwa kichwa na mkia. Losilesi ni samaki mzima, na macho yake."

"Nataka macho."

"Macho yana leseni."

Akamtajia bei. Kwa mwezi, elfu mbili. Kwa mwaka, elfu kumi na nane. Kwa maisha, elfu thelathini, na hiyo ya maisha ingepanda Jumatatu.

"Maisha ya nani?" Mzee akauliza. Huwezi kukaa forodha miaka thelathini ukasahau kuuliza swali kama hilo.

"Yako, Mzee."

"Nina miaka sabini na mmoja."

"Na ukifika mia moja?"

Mzee Oluoch akapiga hesabu. Polepole uso wake ukachanua.

"Kwa hiyo nikiishi sana, wao ndio wanakula hasara?"

"Hasara tupu."

"Kwetu hatufi ovyo," akasema Mzee, na mkono wake ukaenda kutafuta simu.

Lakini mtu wa forodha hulipa baada ya kuona mzigo, kwa hiyo Frankline akamwonyesha. Aliweka rumba moja ya zamani, akaiacha icheze kwa sekunde kumi. "Haya ni makapi." Akabonyeza-bonyeza kompyuta, akafungua dirisha moja na kulifunga lingine, akakunja uso, kisha akaucheza wimbo uleule tena. Wakati huohuo, mfukoni mwake, kidole gumba kilikuwa kimegusa simu iliyounganishwa na spika zile, kikaongeza sauti vipande viwili tu. Sikio la binadamu ni kitu cha ajabu: ukiliongezea sauti kidogo, huwa halisemi sauti imeongezeka. Husema imekuwa nzuri.

"Yawa!" Mzee akashika kifua. "Nasikia vidole vya mpiga gita! Kwani vidole hivi vilikuwa wapi?"

"Walikuwa wamekukatia, Mzee."

Kabla ya Jumapili habari zilikuwa zimezunguka mtaa. Tom, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alisikiliza, akatikisa kichwa, kisha akamvuta Frankline pembeni. Alitaka kujua kama leseni moja ya maisha inaweza kutumiwa kwake, kwa mke wake wa pili na ofisini, bila kampuni kujua.

"Hiyo ni kuiba, Bwana Tom," Frankline akasema kwa masikitiko ya kweli. "Lakini kwa elfu tano zaidi, naweza kufumba macho."

Dorca, mwenye nyumba ya wageni, alinunua ya maisha kwa jina la bintiye wa miaka minne, ili kampuni iumie zaidi. Hawa ndio watu wa Frankline: hakuna aliyetapeliwa ambaye hakuwa, kwa upande wake, akijaribu kumpunja mtu.

Jumatatu akaitwa na Mama Rehma. Huyu alikuwa mjane mwembamba wa miaka sitini na kitu, aliyeishi mwisho wa barabara ileile, na ujana wake wote alikuwa mtangazaji wa redio pale mjini. Spika zake zilikuwa ndogo kama mikate miwili. Alimpa Frankline chai ya tangawizi, akaketi, akafumba macho. Frankline akafanya maonyesho yake, sekunde kumi za makapi, sekunde kumi za samaki mzima.

Mama Rehma hakufumbua macho mara moja.

"Rudia, mwanangu."

Akarudia. Mama akatabasamu.

"Mikono yako ni myepesi," akasema. "Lakini mimi sinunui. Mimi ninayo tayari."

"Unayo nini, Mama?"

Akaenda chumbani, akarudi na diski ngumu iliyofungwa kwa leso. Kituo chake cha zamani kilipofunga milango, alieleza, walitaka kuzitupa kanda zote za maktaba. Yeye akazipakia kwenye gari la marehemu mumewe, na kwa miaka sita mume huyo akawa anazihamisha moja moja kwenye kompyuta.

"Faili elfu nne. Hakuna kilichokatwa, hakuna kilichobanwa."

"Elfu nne!" Chai ikampalia Frankline. "Na hazipatikani mtandaoni?"

"Hazipatikani popote. Diski ni hii moja tu."

Sasa tumwonee huruma kidogo kijana wa watu. Mbele ya macho yake alimwona Mzee Oluoch akimpigia shemeji wa Nairobi simu ya saa mbili. Nyimbo elfu nne zilizopotea! Angeziuza Milimani, angeziuza kwa wahadhiri wa Maseno, kwa mwezi, kwa mwaka, kwa maisha, na safari hii angekuwa anauza kitu ambacho kweli kipo. Wazo hilo lilimtia kizunguzungu.

"Naweza kusikiliza?"

"Chagua mwenyewe."

Akachagua moja katikati: kwaya ya wanawake, sauti safi hadi unywele ukasimama. Akaikata, akachagua nyingine: gita la benga, tamu, linaingia polepole. Ya tatu: nyatiti, zeze la nyuzi nane, na mtu mmoja akiimba peke yake. Kila moja aliisikiliza sekunde kumi. Miaka yote alikuwa akiwapa watu sekunde kumi, na zikatosha.

"Niuzie, Mama."

"Hapana. Ni kumbukumbu."

"Elfu hamsini."

"Mume wangu ametoka jasho miaka sita."

"Sabini."

"Kunywa chai yako, mwanangu, inapoa."

Alipofika elfu tisini na tano, ambazo ndizo zote alizozipata mtaani humo na ndizo zote alizokuwa nazo, Mama Rehma alivua miwani, akaifuta, akasema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa: "Basi. Lakini uniahidi hutaitupa."

"Nitupe? Mama!" Na Frankline akatuma pesa kabla Mama hajabadili nia.

Alifika Nyalenda saa nane mchana, akafunga mlango wa chumba chake cha mabati, akaunganisha diski na kufungua ile faili ya kwanza aliyoichagua. Kwaya ikaingia. Sekunde kumi, ishirini. Sekunde ya thelathini kwaya ikashuka, na sauti ya mwanamke, tulivu, ikasema:

"Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha Mzee Nashon Odero wa Ahero..."

Akafungua ya pili. Gita la benga, kisha Mama Samba wa Rusinga. Ya tatu, nyatiti, kisha mwalimu wa Bondo. Akafungua hamsini kwa fujo. Wote walikuwa wamekufa. Elfu nne, kwa sauti safi isiyokatwa, kila mmoja na wimbo ambao waliofiwa walimchagulia, na mtangazaji wao alikuwa Mama Rehma.

Alirudi Milimani mbio. Alimkuta barazani akichambua mchele.

"Mama, hizi si nyimbo!"

"Nani alisema ni nyimbo?"

Frankline akarudi nyuma kichwani, neno kwa neno. Faili. Maktaba. Kumbukumbu. Neno nyimbo lilikuwa limesemwa kichwani mwake tu.

"Nimekaa na vifaa vya sauti miaka thelathini na mitatu," Mama akaendelea, mikono haiachi mchele. "Unafikiri sijui mtu akinipandishia sauti mfukoni? Pesa za watu nimewarudishia mara tu ulipoondoka. Tom amechukua, Dorca amechukua. Oluoch amekataa."

"Amekataa?"

"Nimemwekea alama kwenye kile kisanduku, nikamwambia hii ndiyo yenyewe, na ni bure. Akasikiliza, akaniambia haifiki ile ya Frankline. Pesa zake nimewapa wanaofagia msikiti."

Frankline aliketi kwenye ngazi bila kutaka. Alikuwa amewahi kukimbizwa, kutukanwa, na mara moja kumwagiwa supu. Hakuwahi kujisikia mjinga.

"Ungeniitia polisi tu, Mama. Kwa nini uniuzie watu waliokufa?"

Mama Rehma akaweka ungo chini.

"Nimeizungusha diski hiyo bure miaka minne. Nimeipeleka maktaba, nimeipeleka kwa machifu, nimewapa vijana wa redio mpya. Wote wanasema asante, wanaiacha mezani. Kitu cha bure hakina mwenyewe. Wewe umeinunua kwa pesa zako zote, na mdomo unao. Sasa nenda."

Akaenda.

Siku mbili hakutoka. Alikaa chumbani akipitia faili moja baada ya nyingine, akitafuta walau wimbo mmoja mzima wa kuuza, mlango wazi kwa sababu ya joto. Alasiri ya siku ya pili, Winny wa chumba cha pili, anayeuza maandazi pale kwenye bomba la maji, akasimama mlangoni na unga mikononi.

"Frank. Hiyo rudisha nyuma."

"Ni matangazo tu, Winny, nitapunguza."

"Nimesema rudisha."

Akarudisha. Kinanda cha kanisa, kisha sauti ile tulivu: "...kifo cha Milka Atieno, mchuuzi wa samaki, Kibuye. Ni mama mpendwa wa Jared, Peres, na Winny aliye mdogo kabisa..."

Winny alikuwa ameshika fremu ya mlango.

"Nilikuwa na miaka mitatu," akasema. "Sikujua kama walinitaja."

Kisha Winny akajipangusa mikono kwenye aproni, akaitumbukiza mfukoni kwenye sarafu za siku hiyo.

"Ni ngapi, nisikie tena?"

Bei tatu zikajipanga ulimini mwa Frankline, kama kawaida: ya mwezi, ya mwaka, ya maisha. Akafungua kinywa. Alijaribu kufikiria jinsi ya kumtajia mtu bei ya maisha kwa tangazo la kifo cha mamake, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akakosa pa kuanzia.

"Utalipa ukishasikia," akasema, akamsogezea kigoda.

Winny alisimulia pale kwenye bomba, na Jumamosi walikuwa kumi na mmoja nje ya mlango, wengine wametoka Dunga, wengine Manyatta, kila mmoja na jina la mtu wake na mwaka. Frankline aliwapokea mmoja mmoja na kuwaambia vilevile: utalipa ukishasikia. Aliamini kabisa kuwa huo ulikuwa mpango wa biashara, na kwamba bei angeipanga wiki ijayo. Lakini ukishamwona mtu amesikia, utaanzaje kumtajia bei?