Nilivyokaribia Kurithi Gari la Ludwik

Jumatatu, 21 Oktoba

Ludwik amekatazwa kuendesha gari. Ni kifafa, daktari kasema, kimemjia uzeeni bila hodi. Alianguka mwezi wa nane mbele ya duka la mikate, mfuko mkononi. Nilihuzunika sana. Kisha nikakumbuka gari lake.

Si lake hasa. Ni la kampuni, yeye analikodi kwa malipo ya kila mwezi, na mkataba umebakiza miaka miwili. Akipata mtu wa kuuchukua mkataba kabla ya mwezi huu kwisha, yuko salama. Asipompata, kampuni italichukua gari na kumtoza faini asiyoiweza. Alinieleza haya jikoni kwake huku anakoroga chai isiyo na sukari. Akasema amenifikiria mimi kwanza, maana tumekaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Sharti lake ni moja tu: Siku ya Watakatifu Wote nimpeleke Bodzentyn, kwenye kaburi la Celina, mkewe. Siku hiyo basi la huko halipo. Hajakosa hata mwaka mmoja tangu amzike.

Gari jeusi, refu, viti vyeupe vya ngozi! Uso nikaukausha. Nikamwambia nipe muda. Ukionyesha shauku umekwisha.

Jumanne, 22 Oktoba

Bożena, mke wangu, hataki kusikia. Kasema mfagia masizi ya dohani kama mimi na viti vyeupe wapi na wapi. Nikamwambia nitatandika shuka. Akauliza shuka la nani. Halafu akaacha utani, akasema mkubalie Ludwik au mkatalie, lakini usimzungushe, yule mtu anaumwa. Bożena hajui biashara.

Sababu yangu ya kweli naiandika hapa tu. Celina na Bożena walitoka kijiji kimoja, na baba mkwe naye amelala makaburi yaleyale ya Bodzentyn. Kila tarehe mosi Novemba shemeji yangu Walenty, kaka yake Bożena, huegesha gari lake langoni kabisa, ukoo mzima upite ukilitazama. Mwaka jana aliniuliza mbele ya mama mkwe, “Shemeji, hicho kigari kinatembea chenyewe au mmekisukuma kutoka kwenu Kielce?” Mashangazi wakacheka. Makaburini! Taa ya kuwashia marehemu mkononi! Sijasahau.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nilipita kwa Ludwik nikitoka kazini, sare nyeusi, kofia, brashi begani. Aliponiona akashika kifungo cha shati lake upesi, kama wafanyavyo watu wote hapa wakikutana na mfagia dohani, ili wapate bahati. Akacheka, akasema leo bahati imeingia mpaka jikoni. Nikakohoa. Nikamwambia mlango wa nyuma una mkwaruzo (nililala chini kuutafuta). Nikasema matairi ya theluji lazima yaje na gari. Akasema chukua. Nikasema na keria ya juu, ya kufungia ngazi. Akasema chukua. Hapo nikajua nimeomba kidogo. Nikasema jibu Jumatatu.

Alinisindikiza hadi mlangoni huku anashika ukuta. Akauliza kwa sauti ndogo kama nina mashaka na gari au na yeye. Nikamjibu kwa mafumbo. Jibu zuri sana, ingawa sasa silikumbuka.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mpango mkubwa! Nimemnong'oneza muuza maua wa sokoni kwamba Ludwik anatafuta mtu wa kuchukua gari lake, ila ole wake atakayelichukua, gia zake hufa kwenye baridi. Muuza maua huongea na mji mzima. Nia yangu ilikuwa kuwafukuza wengine.

Saa kumi jioni Walenty akapiga simu kumsalimu dada yake. Akauliza kwa upole kama ni kweli gari la Ludwik linatafuta mtu. Upole wa Walenty unanitisha. Nikamnyang'anya Bożena simu, nikasema gia ni mbovu. Akasema, “Pole shemeji. Ludwik ndiye gia mbovu, au wewe?” Akakata kabla sijapata jibu. Nimelipata sasa, lakini ni refu mno.

Jumatatu, 28 Oktoba

Ludwik alipiga mwenyewe, asubuhi na mapema. Akasema zimebaki siku tatu, nimwambie ndiyo au hapana, hata hapana ataipokea, kinachomuua ni kungoja. Nilihisi kitu kifuani. Nilihisi pia kwamba saa ya kumbana imefika. Nikasema ndiyo, ila malipo ya mwezi wangu wa kwanza alipe yeye. Nikasikia saa yake ya ukutani ikigonga. Akasema sawa, ndugu yangu.

Nimeshinda! Bożena alikuwa mlangoni, amesikia yote. Mchana kanipakulia kabichi ya jana, ya baridi.

Jumatano, 30 Oktoba

Siku ya kutia sahihi. Nilivaa suti ya harusi. Ludwik alinitangulia ofisini kwa kampuni, kanyoa ndevu, kajikata kidevuni. Mkataba huu hupewa wenye biashara tu, basi binti wa pale akaingiza namba ya biashara yangu kwenye kompyuta. Akatazama. Akaingiza tena. Akasema biashara yangu imesimamishwa tangu Mei.

Lazima nijieleze. Kila Mei naisimamisha biashara kwa barua rasmi, ili nisilipe makato ya hifadhi ya jamii, maana kiangazi dohani hazifagiliwi. Septemba huifungua tena. Watu wengi hufanya hivyo. Mwaka huu nikaona mimi nina akili kuwashinda: niiache imefungwa hadi Krismasi, nifagie kimyakimya. Hata Bożena sikumwambia. Niliona ni siri nzuri.

Binti akasema mkataba haupewi biashara iliyofungwa. Hata ikifunguliwa leo, lazima ikae wazi miezi sita kwanza. Nikamwambia mbona wiki hii pekee nimefagia dohani tatu. Akaniuliza kwa adabu kama nataka ayaandike hayo. Nikasema hapana.

Ludwik hakunifokea. Laiti angenifokea! Alisema tu alikuwa na siku tisa za kutafuta mtu mwingine, na zote alinipa mimi. Akainuka kwa kushika meza. Nikanyoosha mkono nimsaidie. Akasema ataweza.

Alhamisi, 31 Oktoba

Walenty kachukua mkataba. Jana hiyohiyo, nusu saa kabla ofisi haijafungwa. Hakuomba matairi, wala keria, wala mwezi wa bure. Aliyempigia simu ni mke wangu mwenyewe! Kaniambia huku anafunga vyungu vya maua ya kesho kwa gazeti. Nikasema huo ni usaliti ndani ya nyumba. Akasema usaliti ni kumfanya mgonjwa akubembeleze wiki nzima kwa sababu ya mkwaruzo. Nikatoka kwenda kuangalia kigari changu. Hakikuwa na neno la kuniambia.

Ijumaa, 1 Novemba

Gari jeusi lilikuwa langoni kabisa. Walenty akafungua mlango wa nyuma, Ludwik akashuka taratibu na chungu cha maua meupe. Mimi nilikuwa kwenye kaburi la baba mkwe, najifanya nafuta kioo cha taa. Nilijiandaa kwa dhihaka. Walenty alinipita, akanigusa bega, akaendelea. Ningependa zaidi anidhihaki.

Ludwik aliinama kwa Celina muda mrefu. Midomo ilikuwa inacheza. Nilitaka kwenda kusimama naye, nikaendelea kufuta kioo kilichokwisha kung'aa. Naandika wazi: niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Rafiki yangu wa maisha, na angeweza kukosa siku hii kwa ajili yangu. Nikaapa mbele ya taa zote zile kwamba sitamzungusha mtu tena. Niliapa kwa moyo wote. Nililia kidogo.

Jumapili, 3 Novemba

Ludwik kaja leo baada ya misa, kwa miguu. Hajanuna hata chembe. Akasema gari ni bati tu, lisitutenganishe. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani. Ni wa ile bustani yake nje ya mji, yenye kibanda na mitufaha sita. Kasema hawezi tena kupanda mti wala kukaa kule peke yake, kwa hiyo ananipa. Bure. Anachoomba ni nimchukue Jumamosi mojamoja, akae kwenye benchi anitazame nikipalilia. Bożena alilia palepale.

Mimi nikamwambia kibanda kile rangi imebanduka. Bożena akatoka chumbani. Ludwik akanitazama, akasema basi ataleta rangi Jumanne. Nikinyamaza hadi Jumapili ijayo, nadhani hata uzio atautengeneza.